Kupiga picha za macheo ziwani Uganda: mwongozo wa anayeanza

Maswali huwa yale yale. Nitumie simu au ninunue kamera? Mbona jua langu limetoka doa jeupe? Mbona nilifika saa moja asubuhi nikakuta hakuna kitu? Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa hiyo nalijibu kwanza.

Ikweta inapita juu ya Ziwa Victoria, na ndiyo sababu jua letu hupanda karibu wima. Kuanzia mwanga wa kwanza wa kufaa hadi jua kuchomoza ni dakika 20 na ushei. Jua lenyewe likishachungulia, hutoka lote kwa dakika mbili na sekunde chache. Nusu saa baadaye rangi ya dhahabu imekwisha, umebaki na mwanga wa kuanikia nguo. Kwa hiyo kazi ya kufikiri ifanyike jana yake, na kazi ya kupiga ianze jua likiwa bado chini. Anayefika jua linachomoza amefika wakati wa wenzake kufungasha.

Saa zote humu ni za Kiswahili: saa 12:30 asubuhi ndiyo 6:30 kwenye simu yako.

VYA KUANDAA

- Simu au kamera, yoyote uliyo nayo. Simu ya miaka ya karibuni inatosha kabisa kuanzia. Ukikopa hela ya kamera kabla hujajua kuamka alfajiri, umeanzia mwisho.
- Tripodi. Hiki ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla ya lenzi ya pili. Huna? Egemeza simu kwenye ukingo wa mtumbwi uliovutwa nchi kavu, au juu ya mfuko mdogo wa mchanga.
- Betri iliyojaa na nafasi ya kutosha kwenye kadi. Futa video za mazishi na harusi usiku, si ufukweni.
- Kitambaa laini kikavu cha kufutia lenzi.
- Tochi ya kichwani, ili mikono ibaki huru.
- Gambuti. Kichocho kipo katika maziwa yetu mengi, na hakuna picha inayostahili kusimama peku majini.
- Jaketi. Entebbe utavumilia, lakini Ziwa Bunyonyi, karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, utatetemeka mpaka picha itikisike.
- Noti ndogo ndogo za kiingilio, boda na chai.
- Mtu wa kufuatana naye. Kamera, giza na ufuo usio na watu havipatani.

Filta subiri kwanza. Droni iache nyumbani: kurusha kunahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na karibu na uwanja wa Entebbe usijaribu hata kuitoa mkobani.

UCHAGUE UFUO, SI ZIWA

Watu huuliza ziwa gani ni zuri. Maziwa yote ni mazuri. Kinachokuangusha ni upande uliosimama. Ili jua litokee juu ya maji, lazima uwe upande wa magharibi wa maji ukitazama mashariki.

Chukua Entebbe, ambayo ni rasi. Bustani ya Mimea na fukwe za jirani zake zinatazama mashariki, na hapo ndipo pa asubuhi. Nakiwogo, inakotia nanga feri ya Kalangala, iko magharibi. Nenda huko jioni. Wengi hupanda boda hadi Nakiwogo alfajiri kwa kuwa ndiko wanakokujua, kisha hulalamika kwamba jua "limetokea nyuma".

Ggaba na Munyonyo hazina upeo mtupu wa maji, kwa sababu ng'ambo ya ghuba kuna vilima vya Mukono. Jua huchelewa dakika chache na kutokea juu ya miti. Hata hivyo mimi naichagua Ggaba mbele ya ufuo wowote wa hoteli, kwa sababu ya mitumbwi. Ufuo wa hoteli una viti vya plastiki na mchanga uliopigwa reki. Mwalo, yaani bandari ya wavuvi, una watu, nyavu, moshi wa chai na yangeyange wanaogombea matumbo ya samaki.

Jinja, vuka hadi ukingo wa magharibi wa Nile, upande wenye mnara wa Speke, utazame mjini. Bwawa la umeme usilipige picha; walinzi hawana mchezo na hilo.

Ziwa Albert ni mtego. Upande wetu kuna ukuta wa Bonde la Ufa mgongoni mwa ufuo, kwa hiyo jua hukufikia limechelewa na kutoka nyuma. Ukienda, sahau jua: piga milima ya Kongo ng'ambo inapopata rangi.

Ziwa George, kwenye kijiji cha wavuvi cha Kasenyi, lina maji wazi mashariki. Ila lala huko huko, kwani magari hayaruhusiwi kuzunguka hifadhini usiku, na ukisubiri lango la Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth lifunguliwe utafika umechelewa.

Maziwa ya Bunyonyi na Mutanda, kusini magharibi, ni habari nyingine. Vilima vimelibana ziwa, jua halionekani mpaka limepanda, na picha yenyewe ni ukungu. Huko usishuke majini. Panda kilimani uutazame ukungu ukiwa umelala juu ya visiwa. Mutanda ina nyongeza ya volkano: Muhabura, yenye mita 4,127, hupata mwanga wakati ziwa bado liko gizani.

Na msimu? Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti ni kiangazi: mvua kidogo, lakini vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa hujaa hewani. Jua hutoka jekundu, duara safi, na anga linabaki kijivu. Miezi ya mvua ni bahati nasibu, ila asubuhi inayofuata mvua kubwa ya jioni hewa inakuwa imeoshwa, na mawingu yaliyobaki yanawaka. Kama nina asubuhi moja tu ya kuchagua, naichagua hiyo.

HATUA KWA HATUA

1. Nenda jana yake jioni. Simama mahali penyewe, fungua dira ya simu, tafuta mashariki. Mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba jua hutokea mashariki kamili. Mwishoni mwa Juni husogea nyuzi 23 hivi kuelekea kaskazini, yaani kushoto kwako. Mwishoni mwa Desemba nyuzi zile zile kulia. Kupima bila chombo: nyoosha mkono, kunja ngumi. Ngumi moja ni kama nyuzi 10, kwa hiyo mbili na kidogo. Sasa tafuta kitu cha kuweka mbele: mtumbwi, gati, mafunjo, mti uliosimama peke yake. Maji na jua pekee havitoshi. Usiamini picha za zamani za mahali hapo, maana mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likameza fukwe nyingi, na baadhi hazikurudi kama zilivyokuwa. Muulize mlinzi lango linafunguliwa saa ngapi. Akisema saa mbili, tafuta pengine.

2. Hesabu saa. Entebbe na Kampala jua huchomoza karibu saa 12:30 mwanzoni mwa Novemba, na karibu saa 1:00 katikati ya Februari. Mwaka mzima tofauti ni nusu saa tu. Kasese, Kabale na Kisoro, miji ya magharibi, ongeza kama dakika kumi. Toa dakika 45: hapo ndipo uwe umeshasimama, siyo umeshaamka. Mpigie boda unayemfahamu mkubaliane usiku.

3. Salimia kabla ya kutoa kamera. Mwaloni mtafute mwenyekiti, au mzee yeyote unayemwona anaheshimika. Pwani ya Buganda "Wasuze otya, ssebo" inafungua mlango. Bunyonyi sema "Agandi". Kiswahili kitakufaa zaidi kwa wanajeshi. Mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kupambana na uvuvi haramu, na hii ndiyo sababu wavuvi wengine huikimbia kamera: nyavu zisizoruhusiwa zikipigwa picha ni ushahidi. Kwa hiyo jieleze mapema, onyesha unachotaka, na mtu akikataa geuza lenzi. Askari usiwapige kabisa. "Habari za asubuhi, afande, napiga picha za jua tu" inatosha mara nyingi.

4. Simamisha tripodi na unyooshe upeo. Washa mistari ya gridi kwenye skrini, ulinganishe upeo wa maji na mstari mmoja. Upeo ukae theluthi ya juu au ya chini. Katikati tu pale maji yametulia kabisa na anga limejiangalia ndani yake. Miguu ya tripodi izamishe mchangani, la sivyo kila wimbi litaisogeza.

5. Tengeneza mipangilio kungali giza.

Kwa simu: futa lenzi (mafuta ya vidole huleta michirizi ya mwanga), zima flashi, tumia lenzi kuu na siyo ile pana, weka taima ya sekunde 3 ili kidole kisitikise. Modi ya usiku itakusaidia dakika za mwanzo tu. Rangi zikianza, izime, kwa sababu hulazimisha alfajiri ionekane mchana.

Kwa kamera: modi ya A au Av (wewe unachagua tundu la lenzi, mengine kamera), tundu f/8, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), faili la RAW (picha ghafi), mizani ya rangi kwenye alama ya jua na siyo AUTO. Ukiiacha AUTO, kamera itaona wekundu wa alfajiri ni kosa na itausahihisha.

6. Fokasi, yaani ukali wa picha. Gizani kamera huhangaika mbele nyuma bila kushika. Itafutie taa ya mbali. Ziwa Victoria wavuvi wa mukene (dagaa) hutumia taa usiku, hasa mwezi usipoonekana. Elekeza fokasi kwenye taa moja, ikishika geuza swichi kwenda MF (fokasi ya mkono), kisha usiguse tena. Kama kitu chako cha mbele kiko karibu sana, mita mbili tatu, kimulike kwa tochi na ufokasi hapo badala yake.

7. Piga rangi kabla ya jua. Hapa ndipo asubuhi yote ilipo, na hapa ndipo wanaoanza hukaa wakipiga soga "wakisubiri jua". Zambarau huja kwanza, kisha waridi, kisha chungwa karibu na upeo. Shata, yaani muda ambao kamera hubaki wazi kupokea mwanga, itakuwa polepole, sekunde nzima au zaidi, na maji yatalainika. Piga kila dakika mbili, maana rangi hubadilika usipoangalia. Mtumbwi ukipita ndani ya picha, mpango unabadilika: panda ISO hadi 1600, fungua lenzi hadi f/4, shata ifike angalau 1/125, la sivyo mvuvi atatoka moshi. Chenga kidogo, zile punje punje za ISO kubwa, zinasameheka. Mvuvi asiye na umbo hasameheki.

8. Jua likichungulia, punguza mwanga mara moja. Kwenye simu gusa na ushikilie anga kando ya jua, siyo jua lenyewe, mpaka alama ya kufuli itokee, kisha buruta chini hadi rangi zirudi. Kwenye kamera shusha fidia ya mwanga (alama ya +/-) hadi -1. Kilicho mbele kitakuwa cheusi, na hiyo ndiyo kazi yake: kionekane umbo tu. Hakikisha maumbo hayagusani. Mvuvi aliyesimama mbele ya mti hugeuka donge jeusi lenye mikono. Sogea hatua mbili kushoto umtenganishe.

Jua hutoka dogo kwenye simu, hilo halina dawa ila kukuza kwa lenzi ya 2x au 3x kama simu inayo kweli. Kukuza kwa vidole kupita hapo ni kukata picha na kuipanua.

9. Geuka nyuma. Kwa dakika kumi hivi baada ya jua kutoka, mwanga mzuri uko upande wa pili: nyuso za wanaopakua samaki, mbao za mitumbwi zilizopakwa rangi, nguzo za nyavu. Picha nyingi ninazozirudia kuziangalia zimepigwa hivi, jua likiwa mgongoni.

10. Baki. Mitumbwi ya mukene inarudi, wanawake wanatandaza nyavu za kuanikia, mnandi wanapita kwa makundi juu ya maji. Jua likishakuwa ngumi moja juu ya upeo, funga. Tafuta rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na chai.

11. Chagua na usafishe nyumbani. Weka tano, futa zinazofanana. Inua vivuli kidogo, nyoosha upeo, futa doa la vumbi. Mtelezo wa kukoleza rangi uogope: ukiusukuma mbali, anga linakuwa soda ya machungwa na kila mtu anajua.

HATARI ZISIZO NA MZAHA

Kiboko. Usiku hula nyasi nchi kavu, alfajiri hurudi majini, yaani saa ile ile uliyo pale na tripodi. Usisimame kamwe kati yake na maji, wala kwenye njia iliyochimbwa na miguu yake. Utaiona, ni mfereji mpana ulioshuka hadi ziwani. Kasenyi na kando ya Mfereji wa Kazinga muulize mwenyeji kabla ya kushuka hata hatua moja. Penye mamba, kaa mbali na ukingo wa maji.

Radi. Dhoruba za Ziwa Victoria hujijenga usiku juu ya maji na mara nyingi hufika ufukweni kabla ya kucha. Ukiona umeme ukimulika upande wa ziwa na unasikia ngurumo, kunja tripodi uondoke ufuo wazi. Chini ya mti si mahali pa kujificha. Ingia nyumbani au garini.

Macho. Ukiwa na kamera ya kioo cha kuchungulia na lenzi ndefu, usilitazame jua kupitia kioo hicho. Tumia skrini.

Mtumbwi. Ukikodi, jaketi la kuokolea ulivae, lisiwe la kukalia. Ukiwa majini sahau shata ya polepole, kwani tripodi juu ya mtumbwi haisaidii kitu.

PICHA IKIGOMA

Jua limekuwa doa jeupe, na mbingu nayo imepauka. Picha imeungua, kamera ilisoma mwanga kutoka kwenye kitu cheusi. Rudi hatua ya 8. Kama jua limeshapanda sana, hakuna mpangilio utakaoliokoa. Lifiche nyuma ya shina la mti au tanga, au ligeuzie mgongo.

Kila kitu kina utando mweupe. Ama lenzi ina mafuta, ama imepata umande. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje penye joto la unyevu, kioo huvuta maji papo hapo. Acha kamera mkobani dakika 20 izoee kabla ya kuitoa, na usifute mara kumi kumi, utakwaruza.

Picha imetikisika japo nilitumia tripodi. Umebonyeza kwa kidole bila taima, au umeinua nguzo ya katikati na upepo unaitingisha. Ishushe, ning'iniza mkoba chini yake.

Kuna madoa ya kijani au duara za mwanga. Jua linapiga ndani ya lenzi. Sogeza jua kidogo kwenye fremu, au ondoa filta ya bei rahisi uliyouziwa pamoja na kamera. Mara nyingi ndiyo mchawi.

Mawingu yameziba mashariki yote. Usiondoke mara moja. Wingu zito juu ya ziwa mara nyingi huwa na mpasuko upande wa chini, na jua likipita hapo miale husimama kwa dakika tatu nne. Dakika 20 baada ya saa ya kuchomoza, bado kijivu? Basi piga kijivu hicho: mtumbwi mmoja kwenye maji ya rangi ya anga, bila upeo kuonekana, ni picha halali.

Magugu maji yamefunika ufuo. Upepo uliyaleta, upepo utayaondoa, ila si leo. Shusha kamera karibu na maji, mashada yajaze chini ya picha.

Wingu la vijidudu limenivamia. Ni nzi wa ziwa, huinuka kama moshi na kukufuata hadi kwenye tochi. Hawang'ati. Zima taa, funga mdomo, funika lenzi mpaka wapite. Wakiwa mbali mbele ya jua, wapige, kwani nguzo zao hupata rangi nzuri.

Picha ni safi kwenye simu, nikiituma WhatsApp inachakaa. Programu huikandamiza. Itume kama dokumenti, siyo kama picha. Na yule mvuvi uliyemwahidi nakala, mtumie siku hiyo hiyo. Kesho kutwa utamhitaji tena pale mwaloni.